Kuinuka upya kwa ustaarabu: maana yake, na kwa nini Hiroshima si mfano wake

Mazungumzo ya filamu za baada ya vita vya nyuklia yakizuka barazani hapa Mombasa, hakosi mtu wa kuyafunga kwa swali moja: "Mbona Hiroshima iliinuka?" Nimelisikia Mji wa Kale penye kahawa, nimelisikia ndani ya feri ya Likoni, na juzi nimelisikia kwa mwalimu, tena wa sayansi. Nikaona niandike.

Kuinuka upya kwa ustaarabu ni hali ya jamii iliyopoteza viwanda, serikali na njia zake za biashara kuupata tena uwezo wa kuvijenga vitu hivyo kwa nguvu zake yenyewe, bila jamii nyingine iliyobaki nzima kuishika mkono. Maana yenyewe ni hiyo. Uzito wake umo katika maneno ya mwishoni, ambayo ndiyo watu huyaangusha njiani.

Tuitazame Hiroshima basi. Bomu la nyuklia liliuangukia mji huo wa Japani tarehe 6 Agosti 1945. Hadi mwaka ule unakwisha, watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Tarehe 9 Agosti, siku tatu tu baada ya mlipuko, tramu zilianza tena kutembea kwenye kipande cha njia. Mwaka 1949 bunge la Japani lilipitisha sheria maalumu ya kuujenga mji ule, na fedha za taifa zikamiminika. Leo una wakazi zaidi ya milioni moja. Yote hayo ni kweli, wala hakuna anayebisha. Lakini vyuma vya kutengenezea njia za tramu vilitoka wapi? Mchele ulitoka wapi, na wauguzi, na wino wa kuipigia chapa ile sheria? Vilitoka kwenye Japani iliyobaki, na baadaye kwenye dunia iliyobaki. Mji uliungua ndani ya nchi iliyokuwa hoi lakini hai. Mambo ya namna hiyo yana majina yake ya kawaida: ukarabati, au kujengwa upya. Nyumba ikiungua Kibokoni, majirani wakachanga, fundi akaja na saruji ya dukani, hatusemi ustaarabu umeinuka.

Dhana tunayoizungumzia inauliza jambo jingine: ikiwa Tokyo nayo haipo, na Osaka haipo, na meli ya Marekani haiji kwa sababu Marekani yenyewe haina bandari, nini kinafuata? Hilo halijawahi kutokea, kwa hiyo anayetaka kulifikiri hana budi kuziendea bunilizi za kisayansi. Ndipo swali la kama bunilizi hizo zinaaminika linapokuwa na maana.

Nyingi hukosea kwenye mionzi, na hukosea kwa kuitia chumvi. Riwaya ya Nevil Shute ya mwaka 1957, On the Beach, inawaua watu wote duniani kwa vumbi la mionzi linaloteremka polepole hadi Australia. Inahuzunisha vizuri, ila vumbi la mionzi halina tabia hiyo. Kanuni ya kukadiria ni kwamba muda ukizidi mara saba, nguvu ya mionzi hupungua mara kumi: baada ya saa saba imebaki sehemu ya kumi ya ile ya saa ya kwanza, baada ya siku mbili sehemu ya mia, baada ya wiki mbili sehemu ya elfu. Zipo chembe zinazodumu, kama cesium-137 ambayo huchukua miaka 30 kupungua nusu, nazo huongeza saratani. Haziifanyi dunia nzima jangwa.

Muuaji mkubwa ni njaa, ambayo filamu huipita mbio kwa kuwa haina mlipuko. Miji ikiungua, masizi hupanda hadi juu ya mawingu, pasipo na mvua ya kuyaosha, yakakaa huko miaka kadhaa yakilizuia jua. Mwaka 1983 mwanasayansi wa Marekani Carl Sagan na wenzake walilitangaza wazo hilo kwa jina la majira ya baridi ya nyuklia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kwamba vita kamili kati ya Marekani na Urusi vingeweza kuua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 5, na vita vya India na Pakistan peke yake zaidi ya bilioni 2. Ni makadirio ya kompyuta, na wapo wanasayansi wanaobishia wingi wa masizi. Lakini hata ukiyakata nusu, Mombasa haitapigwa bomu hata moja na bado biriani itaadimika: mchele mwingi tunaoula unatoka Pakistan, na ngano nyingi ya mahamri yetu huingia kwa meli pale Kilindini.

Waliosalia wakishashiba, ndipo maana ya kuinuka inapoanza kufanya kazi, na hapa mji wetu ni kipimo kizuri. Mombasa hunywa maji ya mbali. Kuna bomba la Mzima, kilomita zipatazo 220, ambalo maji yake hushuka yenyewe kwa mteremko kutoka chemchemi zilizo ndani ya hifadhi ya Tsavo. Kuna na maji ya Baricho, yanayotolewa kwenye visima vya kando ya mto Sabaki kwa pampu za umeme. Siku umeme ukikatika kabisa, Baricho imekwisha. Mzima itaendelea kutiririka, pengine kwa miaka, na watu watasema "si mnaona, tumeinuka!" Hapana, bado mnatumia akiba ya marehemu. Bomba likipasuka, swali ni nani anajua kuyeyusha chuma, kukikunja kiwe bomba na kukilehemu, na nani atamlisha mtu huyo miezi yote anayojifunza. Mkilitengeneza bomba jipya wenyewe, hapo niite, tutakunywa kahawa ya kuinuka.

Ndiyo maana nawavumilia kwa shida mashujaa wa filamu wanaoendesha magari jangwani miaka 20 baada ya vita. Petroli huharibika ikikaa, ndani ya mwaka hivi tayari inasumbua injini, na hakuna fundi wa bodaboda wa Kongowea asiyejua hilo. Nchi yetu yenyewe, bila vita vyovyote, haijasafisha mafuta ghafi tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013.

Kazi mbili ziko karibu zaidi na ukweli. Moja ni Threads, filamu ya televisheni ya BBC ya mwaka 1984 kuhusu mji wa Sheffield, ambayo haisimami siku ya bomu bali inaendelea zaidi ya miaka kumi, hadi watoto waliozaliwa baadaye wanazungumza Kiingereza kilichovunjika na kulima kwa mikono. Nyingine ni riwaya, A Canticle for Leibowitz ya Walter M. Miller. Humo mtawa mmoja anatumia miaka 15 kunakili kwa rangi na dhahabu mchoro wa saketi ya umeme asioufahamu hata kidogo, na taa ya umeme inawashwa tena mamia ya miaka baada yake. Nimeipenda kwa kuwa Miller ametambua kwamba kuhifadhi karatasi si kuhifadhi ufundi. Sisi wa pwani tunalijua hilo kupitia mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kikasafiri kwa tanga la mkeka. Kilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Picha zipo na maelezo yapo, ila mkono uliozoea kushona mbao zile umekwenda, na anayetaka kuushona leo inambidi akisie mengi.

Kuna hoja moja ambayo waandishi wa bunilizi huitumia upande wa pili, kwamba kuinuka hakuwezekani kabisa kwa sababu mafuta na makaa ya mawe yaliyo rahisi kuchimbwa yamekwisha. Kisima cha Edwin Drake kule Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859 kilipata mafuta kwenye kina cha mita 21 tu, na leo mafuta hufuatwa kilomita kwenda chini, tena baharini. Hoja ina nguvu, lakini si ya kukata tamaa. Brazili hadi leo inayeyusha chuma kwa makaa ya miti. Itakuwa polepole, na misitu italia, ila mlango haujafungwa.

Kwa hiyo rafiki yangu, ukizisimulia hadithi hizi, Hiroshima iseme imejengwa upya, hutakuwa umekosea. Na lile jingine la "tutarudi enzi za mawe" nalo lilegeze kidogo. Mawe ya nini, na reli ya SGR imelala pale Miritini? Waliosalia watakuwa na vyuma kuliko mfalme yeyote wa zamani. Sema tutarudi enzi za vyuma chakavu.