Lumumba Hakusema Vile: Dhana Potofu Kuhusu Kunukuu

Juni 30, siku ya uhuru wa Kongo, ikikaribia, simu yangu hapa Lubumbashi hujaa picha ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na chini yake sentensi ya Kifaransa: sisi si nyani wenu tena. Wapo wanaoapa kwamba babu zao waliisikia redioni.

Sentensi hiyo haimo katika hotuba aliyoitoa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, Juni 30, 1960, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Ukisoma maandishi huioni, ukisikiliza sauti iliyorekodiwa huisikii.

Dhana: yaliyorudiwa na wengi lazima yalisemwa.

Kurudiwa kunaonyesha tu kwamba maneno yamependwa. Haya ni mafupi, yanaenea kwenye fulana, na yanafanana na hasira tunayomdhania. Mwenyewe aliuawa Januari 17, 1961, si mbali na mji wetu, kwa hiyo hayupo wa kukanusha.

Lakini tazama tulichotupa. Siku ile alizungumzia kejeli, matusi na mapigo ya asubuhi, mchana na jioni. Kisha akauliza nani atasahau kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu" ya Kifaransa, ile ya watu waliozoeana, si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya Wazungu peke yao. Ile ya nyani angeweza kuibuni yeyote. Hii ya "tu" inatoka kwa mtu aliyeambiwa.

Mandela naye amebebeshwa. Yale ya "hofu yetu kubwa kabisa", ambayo watu husema aliyatamka alipoapishwa 1994, ni ya Marianne Williamson wa Marekani, kutoka kitabu chake cha 1992.

Dhana: tafsiri ni maneno yaleyale.

"Tu" na "vous" nimeziacha makusudi. Ningeandika "wewe" na "ninyi", tusi lingeyeyuka. Msomaji wa Katuba au Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, angeokoka, maana kwetu mzee mmoja huulizwa "muko muzuri?" kwa wingi. Wa Mombasa angeachwa njiani. Anayetafsiri aseme ametafsiri.

Dhana: maana ikibaki, maneno si kitu.

Hapa mkosaji ni mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kalamu kwenye kikao cha mahari. Papa mmoja, yaani mzee, wa upande wa pili, akitabasamu, alisema: "Tutaona." Mimi nikaandika, tena ndani ya alama za kunukuu: "Tumekubali." Niliona ni kitu kimoja. Karatasi iliposomwa kikao kilichofuata, papa alisimama, akavua miwani, akauliza: "Mimi nilisema vile?" Watu wazima wote walikuwa wanajua kwamba "tutaona" ya mkwe ni hapana iliyovaa koti. Mchana mzima ulipotea, na upande wetu ukatozwa kreti ya bia ya Simba.

Alama za kunukuu zinadai kwamba maneno haya yalitoka kinywani mwake hivihivi. Kama unaeleza kwa maneno yako, ziondoe, andika "alisema kwamba". Ukiruka sehemu, weka nukta tatu. Na hata kwa "alisema kwamba", "tutaona" haigeuki kukubali.

Dhana: video haidanganyi.

Haidanganyi, ila hukatwa. "Comprenez mon émotion", yaani eleweni hisia zangu, Rais Mobutu aliyasema kweli, Aprili 24, 1990, sauti ikimkwama. Alikuwa ametangaza kwamba anaachana na chama chake, MPR. Leo kipande hicho cha sekunde chache kinabandikwa popote, hata kwenye utani wa timu iliyofungwa. Utani sina neno nao. Ila kijana asiyejua yaliyotangulia anabaki na mzee anayelia bila sababu.

Dhana: mimi nimesambaza tu, aliyetunga ni mwingine.

Kanuni yetu ya mambo ya kidijitali, ya Machi 13, 2023, inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu, na anayeisambaza pia.

Mwaka jana niliamua kutuma hotuba nzima ya Lumumba kwenye kundi la familia, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Tantine alijibu baada ya dakika mbili: "Mutoto yangu, iko murefu sana." Kisha akatuma tena ile picha.