Tiba ya kuongea si ya Wazungu peke yao

"Kwenda kummwagia mtu baki ya moyoni, hayo mambo ya Wazungu." Mbona Harare, Zimbabwe, wanaoifanya kazi hiyo ni mabibi? Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianzisha mradi unaowafundisha kina bibi wa mtaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hahubiri (hapo ndipo wengi wetu tungeshindwa). Anakuacha utaje matatizo yote, mnachagua moja, mnapanga hatua ndogo ya kuanzia. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) ilipungua zaidi kwa waliokaa benchini kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ila mshauri naye ni wa kuchagua. Akikukemea, au siri zako zikisikika sokoni, tafuta mwingine. Kumuuliza amesomea wapi si utovu wa adabu.