Pesa za Ughaibuni: Kodi ya Marekani na Pengo la Kipato Nyumbani

Tangu Januari 1, 2026, Marekani inatoza asilimia 1 ya pesa zinazotumwa nje ya nchi hiyo, na malalamiko yamekuwa mengi. Anayelipa ni mtumaji, si mpokeaji. Inamhusu anayelipia kwa fedha taslimu, hawala ya fedha (money order) au hundi inayotolewa na benki yenyewe (cashier's check). Anayetuma kutoka akaunti yake ya benki huko, au kwa kadi iliyotolewa huko, hatozwi. Kampuni inayotuma ndiyo hukata kodi hiyo na kuiwasilisha. Isipoikata, deni ni lake. Mtumaji adai risiti inayotenga kodi na ada ya huduma. Na tuseme wazi, maana uvumi haukomi: hii si kodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Anayekutaka ulipe kwanza "asilimia ya serikali" ndipo akuachilie pesa zako ni tapeli.

Dola 2 kwa kila 200 si nyingi. Lakini anayezilipa ni nani? Ni yule asiye na akaunti, mara nyingi kibarua asiye na karatasi, ambaye kwao wanasubiri hizo hizo wanunue unga. Mwenye kazi nzuri anabofya simu, basi.

Wengi hudhani pesa hizi zikiingia, pengo la kipato linapungua. Si lazima. Mwaka 2024 Kenya ilipokea takriban dola bilioni 4.9, karibu nusu yake kutoka Marekani, na kufika huko kunataka mtaji. Kule Uasin Gishu wapo wazazi waliouza mashamba kulipia masomo ya Finland na Kanada, na wengine pesa zikapotea. Asiye na shamba la kuuza hakuwa hata kwenye foleni. Kwa hiyo dola hutangulia kuingia nyumba zilizokuwa na kitu, zikanunua ploti, bei ikapanda, na mwalimu anayelipwa kwa shilingi akasukumwa mbali na barabara.

Safari ikiwa nafuu, mambo hubadilika. Saudi Arabia, ambako kwa kawaida mwajiri hugharimia viza na nauli ya mfanyakazi wa nyumbani, imezifikia familia ambazo Marekani haikuzifikia, ingawa kwa mshahara mdogo na hatari tunazozijua.

Aliyeko Marekani bila akaunti aulizie: baadhi ya benki hukubali pasipoti ya Kenya pamoja na namba ya mlipakodi ya Marekani (ITIN). Si lazima uwe raia, jamani.