Bakteria hana macho; njia anaijuaje?

Ukipita soko la Kadutu jioni, hapa kwetu Bukavu, pua hukufikisha kwa mama anayekaanga sambaza kabla jicho halijamwona. Unapiga hatua, harufu inakolea, unaendelea. Ikififia, unageuka.

Bakteria wa E. coli, mkaaji wa matumbo yetu, hutafuta chakula kwa namna hiyohiyo. Urefu wake ni kama mikroni 2, na katika milimita moja mna mikroni 1,000. Kwa udogo huo hawezi kutegemea kupima tofauti ya chakula kati ya kichwa na mkia, basi hulinganisha sasa na sekunde chache zilizopita. Huogelea moja kwa moja kwa kama sekunde 1, kisha hujipindua na kushika upande mwingine kwa bahati nasibu tu. Chakula kikizidi, huchelewa kujipindua. Howard Berg na Douglas Brown waliyaonyesha hayo Marekani mwaka 1972, kwa hadubini iliyomfuata bakteria mmoja mmoja.

Wanafizikia sasa wanamwiga kwa vitu visivyo na uhai, na kazi si ndogo. Mvuvi wa Ziwa Kivu akiacha kupiga kasia, mtumbwi huendelea kuteleza. Bakteria, maji humshika kama asali: akiacha kujisukuma husimama papo hapo, hajasogea hata upana wa atomu moja.

Njia mojawapo ni kijipira cha plastiki kilichopakwa metali ya platini nusu moja. Kitie katika haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda inayouzwa farmasi. Platini huivunja iwe maji na oksijeni, upande mmoja tu, na tofauti hiyo hukisukuma kijipira. Hakina mkia wala injini, lakini kinaogelea.

Kinaogelea bila kujua kiendako. Molekuli za maji hukigonga huku na huku, na cha upana wa mikroni 2 hupoteza mwelekeo ndani ya sekunde chache. 

Ziko aina nyingine za vijipira, zinazoendeshwa kwa mwanga. Kamera hukitazama kijipira, kompyuta huamua, na taa huwaka pale tu kinapoelekea panapotakiwa. Hicho hufika. Ila kumbukumbu ya bakteria imo mwilini mwake, katika protini chache. Ya kijipira iko kwenye kompyuta, juu ya meza.