Sabufa Haijafa, Umekaa Shimoni

"Fundi, sabufa imekufa, njoo na spea." Siku hizi nikipigiwa simu ya namna hii sibebi spea. Nabeba futi ya kupimia, na navaa suruali isiyoogopa sakafu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Tabata. Sebule ya mita 5 kwa 4, tofali za saruji, vigae chini, sabufa ya inchi 12 ubavuni mwa tivii. Bosi amekaa kwenye kochi kubwa katikati ya chumba, rimoti mkononi, anasema besi hakuna. Mama watoto yuko kwenye kiti kilichoegemea ukuta wa nyuma, anasema besi imezidi, kifua kinamtetemeka. Mmoja anaongeza, mwingine anapunguza, na wamezozana hivyo tangu sabufa iingie ndani. Dada wa kazi akachungulia kutoka koridoni: "Mbona huku inapiga vizuri tu?"

Wote watatu walikuwa wanasema kweli.

Nilipouliza kwa nini sabufa imewekwa pale, nikajibiwa kile kile ninachojibiwa kila nyumba: dukani waliambiwa besi haina upande, iweke popote. Nusu ya kwanza sina ugomvi nayo. Chini ya 80 Hz hivi (Hz ni hesi, yaani mitetemo kwa sekunde), sikio la binadamu halijui kwa uhakika sauti inatokea kona gani. Lakini kutojua inakotokea si sawa na kusikika sawa kila mahali, na hapo ndipo watu wanapotupa hela zao.

Wimbi la 40 Hz lina urefu wa mita 8.6. Haliwezi kutandaa likaisha ndani ya sebule ya mita 5. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja. Yanapokubaliana unapata kilima, yanapopingana unapata shimo. Ukitaka kujua chumba chako kinaanzia wapi visa vyake, chukua 343, ambayo ni kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde, ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili. Mita 5 inakupa 34 Hz, upana wa mita 4 unakupa 43 Hz, dari ya mita 3 inakupa 57 Hz. Kwa ile 34 Hz, ukutani mbele na nyuma kuna kelele tupu, na katikati kabisa ya chumba hakuna kitu. Katikati kabisa ndipo bosi alipoweka kochi lake.

Kuongeza sauti hakusaidii, na naomba nieleweke hapa. Shimo halisababishwi na uhaba wa nguvu. Ukiongeza wimbi linalokwenda, linalorudi nalo linaongezeka, yanaendelea kufutana vile vile, na anayepigwa ni mtu wa ukutani. Halafu hesabu yenyewe ni katili: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Desibeli 20 zinadai nguvu mara 100. Hakuna sabufa ya sebuleni yenye akiba hiyo, na ekwalaiza ikilazimishwa kulijaza shimo itakuunguzia koili ya spika bure.

Dawa ni kuhama. Inyanyue sabufa uiweke juu ya kochi, pale pale unapokaa. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, au mlio wa majaribio unaotoka 20 hadi 100 Hz. Kisha shuka chini utambae kando ya kuta, kichwa kikiwa usawa ambao sabufa itasimama. Watoto watakucheka; waache. Utapita mahali besi inavuma kama pipa tupu, utapita mahali inapotea. Usichague penye kelele zaidi, na hapa wengi hukosea kwa sababu kona huwa inawavutia. Chagua pale ambapo kila noti inasikika kwa uzito unaokaribiana. Weka alama, irudishe sabufa chini, ukae usikilize.

Tabata alama iliangukia kushoto, kama mita moja kutoka kona ya mbele. Kochi nikalisogeza nyuma sentimita 60 kutoka katikati. Bosi akaniuliza nimefunga kifaa gani.

Nyumba zetu za tofali zinazidisha mambo haya. Kuta za mbao na jipsamu, kama zile za video nyingi za Marekani, hupinda kidogo na kuivujisha besi nje. Tofali la saruji halipindi. Besi inabaki ndani, kwa hiyo vilima vyetu ni virefu na mashimo yetu ni makali, lakini pia sabufa ndogo iliyokaa mahali pake inatosha kabisa. Kabla hujanunua kubwa zaidi, tambaa kwanza.

Trei za mayai ukutani: hazifanyi lolote kwa besi. Wimbi la mita 8 haliisikii karatasi ya sentimita 5. Sponji nyembamba vilevile.

"Boksi limeandikwa wati 8,000." Hizo ni PMPO, namba za kuuzia. Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Ukikuta inakula wati 80, basi haiwezi kutoa 8,000, labda iwe na bwawa lake la Mtera humo ndani.

Mipangilio ya risiva, yaani kile kikuza sauti kinachoendesha spika zote, nayo ina vioja vyake. Mzee mmoja alikasirika nilipoziweka spika zake ndefu kwenye chaguo la "ndogo". Hilo halipimi kimo cha spika. Linaiambia risiva ipeleke besi kwa sabufa badala ya kuzitesa spika za mbele. Weka ndogo, krosova (mpaka ambapo sauti za chini yake huenda kwa sabufa) 80 Hz, na ile krosova ya mgongoni mwa sabufa izungushe hadi mwisho wa juu, maana vichujio viwili vikipandana vinakula besi uliyoilipia. Ukipandisha krosova hadi 150, sauti za wanaume zitaanza kutokea kwenye sabufa, na hapo besi itakuwa na upande.

Kipimo cha maikrofoni ya risiva, kile inachojipangia spika yenyewe, ni kizuri, ila kifanye baada ya kutambaa, si badala yake, na ukimaliza hakikisha hakijazirudisha spika kwenye "kubwa". Kitufe cha sauti cha sabufa kielekee saa sita mchana, yaani katikati, kabla ya kuanza. Swichi ya fezi, ile inayogeuza wimbi la sabufa, 0 au 180: mwenzako aibadilishe wewe ukiwa umekaa, ubaki na ile inayokupa besi nzito kochini.

Na tundu la hewa la sabufa lisibanwe ukutani. Liachie angalau upana wa kiganja. Kile kitambaa cha kufuma kilicho juu ya sabufa, pamoja na chombo chake cha maua, kitoe pia. Ule mlio wa "zzz" unaosema ni spika iliyochanika, mara nyingi ni chombo hicho.