Je, wajua? Malengelenge ya sehemu za siri huambukiza hata siku isiyo na kidonda

Wanandoa wengi wana kanuni moja: vidonda vikitoka, kila mtu na upande wake wa kitanda, vikikauka, maisha yanaendelea. Si kanuni mbaya, ila ina tundu kubwa. Mara nyingi mwenza huambukizwa siku ambayo hakuna kidonda wala mwasho.

Kwa nini? Kirusi cha malengelenge haya (kitaalamu herpesi ya sehemu za siri), HSV-2 (na wakati mwingine HSV-1, kile cha midomoni), kikishaingia hupanda kwa njia ya neva hadi karibu na ncha ya chini ya uti wa mgongo. Huko hujificha maisha yote. Mara kwa mara hushuka tena ngozini, pengine kwa saa chache tu, na kinga ya mwili hukizima kabla hata lengelenge halijatokea. Saa hizo kinaambukiza. Kwa kuwa kinaweza kukaa kimya miaka mingi, kidonda cha kwanza leo si ushahidi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa. Hilo lijulikane kabla ya kuita kikao cha wazee.

Ukihisi mchonyoto, mwasho au maumivu yanayoshuka matakoni na mapajani, acheni tendo la ndoa hapo hapo, hadi ngozi ipone kabisa. Siku nyingine zote tumieni kondomu. Haifuniki ngozi yote, na humlinda mke zaidi kuliko mume, lakini inapunguza hatari sana.

Kuna pia vidonge vya kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulifuatilia wanandoa na wapenzi ambao mmoja wao alikuwa na HSV-2. Waliokuwa nacho walimeza ama valasaikloviri miligramu 500 kila siku, ama kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 8. Upande wa dawa waliambukizwa wenza 14 kati ya 743. Upande wa pili, 27 kati ya 741. Maambukizi yalipungua karibu nusu, basi, wala si kinga kamili. Na kwa anayeishi pia na VVU msitegemee hesabu hiyo: utafiti wa asaikloviri (dawa ya jamii moja na valasaikloviri) mara mbili kwa siku, uliofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika, haukuonyesha kwamba dawa hiyo ilimkinga mwenza asipate HSV-2. Daktari ndiye wa kuamua dawa na kipimo.

Jambo lisilo na mjadala ni ujauzito. Ikiwa mume ana kirusi na mke hana, miezi mitatu ya mwisho waache tendo la ndoa, pamoja na la mdomo kama mume hutokwa na malengelenge ya midomo. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati huo, hujifungua kabla mwili wake haujatengeneza kingamwili (chembe za kupigana na kirusi) za kumpa mtoto, na kwa kichanga ugonjwa huu unaweza kuua. Kliniki waambiwe mapema.