Ukungu kwenye eli ya nyumbani: gelatini haigusi wanga

Swali huja na picha. Glasi imeshikwa mbele ya dirisha, na ndani yake kuna kitu mfano wa maji ya kuoshea mchele. "Nimetia gelatini mara mbili, bado. Niongeze?" Usiongeze. Umepima wanga? Hajapima. Karibu hakuna anayepima.

Bia inayozungumziwa hapa ni eli ya rangi ya shaba, mtindo wa Kiingereza, lita 20, inayopikwa kwa kimea cha shayiri chenyewe na si kwa sharubati ya kimea ya kopo. Bia hiyo inatakiwa itakate hadi uweze kusoma gazeti kupitia glasi. Busaa, komoni na mbege ni habari nyingine. Huko uzito ndio chakula chenyewe.

"Ukungu ni ukungu tu, gelatini itaushusha"

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote. Ukungu wa eli una asili nne: hamira iliyoelea, protini zilizoshikana na tanini (ule ukakasi wa maganda), wanga, na wadudu, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Dawa ya huu haiugusi ule. Gelatini ina chaji chanya na hamira ina chaji hasi, kwa hiyo zinanasana na kuzama pamoja. Protini zilizoshikana na tanini nazo inazibeba, mradi bia iwe baridi. Wanga hauna chaji ya kushikwa. Mimina pakiti nzima ukipenda: utapata bia ileile ya ukungu, na zaidi ya hapo kitako cha ute.

Pima kwanza. Mtaji wote ni chupa moja ya iodini ya duka la dawa.

Anza na joto. Mimina bia kutoka kwenye friji, uiache mezani hadi ifike nyuzi 20 au zaidi. Ikitakata yenyewe kadiri inavyopata joto, huo ni ukungu wa baridi, yaani protini na tanini ambazo hushikana bia ikipoa na kuachana ikipata joto. Ladha haijaguswa.

Kisha iodini. Weka matone machache ya bia kwenye kisosi cheupe, dondosha tone la iodini pembeni, halafu yavute yakutane kwa ncha ya kijiti. Tazama pale yanapokutana. Rangi ikibaki ya kahawia-njano kama chai ya rangi, hakuna wanga. Ikigeuka buluu iliyokoza au nyeusi kama wino, gelatini irudishe kabatini. Ikielekea zambarau yenye wekundu, wanga umekatwakatwa lakini haujaisha. Ukipima wakati kimea bado kimelowekwa, mambo mawili hudanganya watu: sampuli ikiwa ya moto rangi haionekani, na kipande cha ganda hugeuka cheusi hata kama kazi imekwisha. Poza tone, ondoa ganda. Na kilichoguswa na iodini kimwagwe, kisirudi kwenye sufuria.

Mwisho, simamisha chupa wima kwenye friji siku tano. Mashapo yakitulia chini na juu pakatakata, ilikuwa hamira, na ulichokosa ni subira. Kama haishuki, haitakati kwa joto, iodini haisemi kitu, na chupa ikifunguliwa inafoka au inanuka siki, wadudu wameingia. Hiyo haina dawa. Mwaga, sugua vifaa, na mipira ya kuhamishia bia itupe ununue mipya.

Sasa tuseme iodini imegeuka nyeusi. Wanga umepita wapi?

Mara nyingi ni kipimajoto. Kimea hulowekwa kwa nyuzi 65 hadi 68, dakika 60, maji kama lita 3 kwa kila kilo. Kipimajoto kinachosoma chini kwa nyuzi 8 kitakuonyesha 67 wakati machicha yako 75, na vimeng'enya, vile vya kimea vinavyokata wanga kuwa sukari, vinakufa kabla ya kumaliza kazi. Kijaribu kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo: kisome 0. Kijaribu tena kwenye maji yanayochemka, lakini kumbuka uliko. Dar es Salaam au Mombasa yatasoma 100. Nairobi, kwa urefu wake kutoka usawa wa bahari, yatachemka kwenye 94 au 95, na anayekirekebisha kipimajoto pale hadi kisome 100 anajiharibia mwenyewe.

Halafu kuna kusaga. Kimea kikipelekwa kwenye mashine ya unga kinarudi unga. Ganda linachanika, kichujio kinaziba, na vumbi la wanga linateleza hadi kwenye sufuria. Kinatakiwa kinu cha rola mbili, nafasi ya milimita 1 hivi kati yake: ganda libaki karibu zima, moyo wa punje uvunjike vipande vichache. Ukikuta punje nzima nzima kwenye machicha, umekosea upande wa pili. Zipasue kwa kucha uone moyo mweupe mkavu. Huo ni wanga ambao maji hayajaufikia.

Usuuzaji wa machicha nao, yaani kuyamiminia maji ya moto ili kutoa sukari iliyobaki. Maji yakizidi nyuzi 77, vimeng'enya vimekufa, na wanga uliobaki kwenye chenga unafumuka na kutiririka bila wa kuukata. Maganda nayo yanaachia tanini, hasa pH (kipimo cha uchachu) ikipita 5.8, kwa hiyo unajipikia na ukungu wa baridi juu ya ule wa wanga. Haidromita, kipimo cha uzito wa maji yenye sukari, ikisoma 1.010 kwenye yanayotoka, acha kusuuza. Na lita 4 au 5 za kwanza zirudishwe polepole juu ya machicha hadi yatoke bila chembe. Watu huruka hatua hii kwa sababu ya dakika kumi.

Lakini kwa wapikaji wa kwetu mlango mkubwa ni unga wa mahindi au mtama uliomwagwa mbichi pamoja na kimea. Wanga wa shayiri hufumuka kati ya nyuzi 60 na 65, ndiyo maana nyuzi 67 zinautosha. Wa mahindi unaweza kutaka zaidi ya 70, na wa mtama kati ya 68 na 78. Kwa nyuzi 67 unga huo unalowa tu. Upike uwe uji kwanza: maji mara nne ya uzito wa unga, na kimea cha shayiri kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unga. Shikilia nyuzi 70 kwa dakika 15 ili uji ulegee, kisha chemsha dakika 30 ukikoroga kama unayesonga ugali, maana ukiungua chini bia nzima itanuka moshi. Poza hadi ufikie joto la kulowekea, ndipo uuchanganye. Usivuke asilimia 20 ya nafaka yote. Mahindi yaliyopashwa kwa mvuke na kubanwa kuwa vipande bapa yameshafumuka, hayo yatie moja kwa moja.

Wanga ukishaingia kwenye chupa, umeingia. Usitie kimeng'enya kwenye chupa kuurekebisha: kitaugeuza sukari, hamira itaila, na chupa zitapasuka. Inywe kwenye kikombe cha bati.

Kama ni hamira au ukungu wa baridi, sawa, gelatini ina kazi. Loweka gramu 2 hadi 3 kwenye mililita 150 za maji baridi kwa dakika 15, pasha hadi nyuzi 65 au 70 bila kuchemsha, kisha mimina kwenye bia ambayo *tayari* iko nyuzi 1 hadi 4. Subiri saa 48. Anayeitia kwenye bia ya nyuzi 22 na kuipoza baadaye anapoteza nusu ya faida: ukungu wa baridi ulikuwa bado haujajitokeza ili unaswe.

"Iache ikae, itatakata yenyewe"

Hamira, ndiyo, tena upesi zaidi maji yakiwa na kalsiamu, miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Gramu 4 za jasi kwenye lita 20 huongeza kama 46. Ukungu wa baridi hautulii kwenye chumba cha joto hata ukingoja hadi Krismasi, kwa sababu katika joto hilo haupo, umeyeyuka. Unatulia bia ikikaa karibu na nyuzi 0 kwa wiki moja au mbili, na bia ihamishwe ikiwa bado baridi.

"Nimetia mwani, kwa hiyo hamira itazama"

Mwani hutiwa kwenye sufuria, na kazi yake ni protini. Hamira bado hata haijaingia. Kwa lita 20, gramu 3 hadi 5 za mwani mkavu wa Kiayalandi, ulioloweshwa kidogo, dakika 10 hadi 15 kabla ya kuzima moto. Ukiutia mwanzoni mwa saa nzima ya kuchemsha unavunjika. Ukizidisha, chini ya pipa kunakuwa na wingu la manyoya lisilokubali kulala, na unapoteza lita mbili.

Wengine huuliza kama mwani wa Zanzibar unafaa. Inategemea ni upi. Unaolimwa zaidi kule, spinosamu, hutoa karajinani (ute wa mwani unaogandisha) ya aina ya iota, na jeli yake ni laini. Kazi hii inataka aina ya kappa, inayotoka kwenye mwani mwingine uitwao kotoni. Nunua iliyosafishwa, au vidonge.

Na mwani hauokoi mchemko wa uvivu. Mfuniko uwe wazi, maji yafukute na kujigeuza kwa dakika 60. Nyanda za juu, fanya 90. Povu linalotokota pembeni tu halikusanyi protini.

"Mabondo ya samaki yanashinda vyote"

Kwa eli ya pipa kule Uingereza, kwenye sela (ghala la chini ya nyumba) ya nyuzi 10 hadi 13, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya samaki, ni hodari: yanashusha hamira kwa siku moja au mbili. Kwa ukungu wa baridi ni dhaifu. Mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria yamewahi kusafirishwa kwa kazi hiyohiyo, ndiyo maana watu wanadhani wanaweza kununua bondo Mwanza na kulitumbukiza. Huwezi. Hulowekwa kwenye asidi kwa wiki kadhaa hadi liyeyuke, kisha huwekwa baridi. Likipata joto la chumba chetu linaharibika.

"Hamishia pipa la pili, itatakata haraka"

Kinachoshusha chembe ni uzito wake na baridi. Pipa jipya haliongezi chochote ila oksijeni, na oksijeni huunganisha tanini ziwe ukungu wa kudumu, ule usioondoka hata bia ikipata joto. Acha bia mahali ilipo.

"Ikitakata sana haitapata gesi kwenye chupa"

Bia inayoonekana angavu bado ina hamira ya kutosha, hata baada ya gelatini. Ipe sukari yake na wiki mbili au tatu kwenye nyuzi 20 na kitu.

"Ukungu maana yake imeoza"

Bia za ngano za Bavaria zina ukungu kwa makusudi. Inayotia shaka ni bia iliyokuwa imetakata kisha ikachafuka chupani bila kuguswa.

Na kabla ya kutuma picha, futa glasi kwa nje. Pwani, glasi ya nyuzi 4 hulowa umande ndani ya dakika moja, na bia nyingi zinazoshtakiwa kwa ukungu zinatakata kabisa kidole kikipita juu ya kioo.